Upindo wa Gauni la Buluu

Ukipita mtaa ule wenye shule ya msingi upande mmoja na safu ya vibaraza upande wa pili, usiulize jina la mtu. Uliza fundi wa marinda yuko wapi, na hata mtoto anayenyonya atakuonyesha kwa kidole cha mguu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini ukimwita kwa hilo hageuki. Mtaa mzima unamwita Mama Marinda, nami nitamwita hivyo hivyo, maana mimi nani hata nibadilishe kilichokubaliwa na wengi.

Sogeeni basi. Kisa hiki ni cha mwanamke mtulivu, na visa vya watulivu havisimuliwi kwa kupaza sauti.

Kibaraza chake ni kile kinachotazamana na geti la shule. Kuna cherehani ya kanyagio, nyeusi, iliyochubuka rangi pale mkono unapopita kila siku. Kuna meza ya kukatia vitambaa ambayo zamani ilikuwa mlango, na tundu la kitasa lipo bado; humo ndimo anamochomeka mkasi. Ukutani pamepigwa misumari, na kila msumari umeangikwa uzi wa rangi yake. Pasi ya mkaa hukaa chini, karibu na mguu wa meza. Upande wa kushoto, ukuta kwa ukuta, yupo Kinyozi, mzee mwenye kioo kimoja kilichopasuka na maneno mengi yasiyopasuka.

Sare za shule zinashonwa na mafundi wengi. Kilichomfanya Mama Marinda awe Mama Marinda si marinda peke yake, ingawa marinda yake ukiyapiga pasi mara moja yanasimama muhula mzima. Ni upindo. Mafundi wengine hukunja chini ya sketi mkunjo mmoja mwembamba, wakapiga mshono, wakamaliza. Yeye hukunja mara tatu, mkunjo juu ya mkunjo, na kila mkunjo una mshono wake wa kuufungua peke yake. Mtoto wa darasa la kwanza akivaa sketi hiyo huwa mzito chini, anatembea kama kengele. Wenzake humcheka. Lakini mwaka ukigeuka, mama yake haendi dukani. Anarudi kibarazani na sketi ile ile, Mama Marinda anafumua mkunjo mmoja, sketi inashuka, mtoto anakwenda darasa la pili akiwa kama aliyevaa mpya. Mwaka unaofuata, mkunjo wa pili.

Na kwa kuwa jua halifiki ndani ya mkunjo, kila panapofunguliwa hubaki mstari wa rangi iliyoiva kuliko kwingine. Basi ukimwona msichana wa mtaa ule akivuka barabara, tazama chini ya sketi yake utaijua miaka aliyosoma, kama mtu anavyoijua miaka ya mti uliokatwa. Mama Marinda alikuwa akisema yeye hashoni sketi, anashona miaka. Kinyozi akamjibu kuwa yeye anainyoa.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Mumewe, dereva wa malori, aliondoka na ajali ya barabarani wakati binti angali anaburuza sketi ya darasa la kwanza. Tangu hapo wakawa wawili na cherehani. Binti alisomea pale pale chini ya meza ya mlango. Alipofika kidato cha juu, na baadaye chuo cha uuguzi, alikuwa akirudi likizo na kukariri mifupa huku mama anashona. Angemjia kwa nyuma, amguse chini ya shingo, aseme, Mama, hapa unapoanzia kupima bega panaitwa mtulinga. Mama angejibu bila kugeuka kwamba yeye amepaita hapo mwanzo wa bega maisha yake yote na hapajawahi kukataa kuitika. Lakini siku ya pili, mteja akisimama kupimwa, utamsikia fundi anasema, simama wima, mwanangu, nauona mtulinga umelala.

Akahitimu. Mtaa ukaanza kumwita Nesi kabla hata hajapata kazi, na kazi yenyewe haikupatikana. Wodi zilikuwa na wagonjwa hadi chini ya vitanda na wauguzi hawatoshi, ila ajira zilikuwa zimesitishwa, na mtu akiuliza zitafunguliwa lini anaambiwa asikilize redio. Nesi akajitolea hospitalini, kazi ile ile ya walioajiriwa, mshahara wake asante. Akiwa katika hali hiyo akapata mtoto, na baba wa mtoto akapata mke mahali pengine. Mtoto mwenyewe aliitwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza.

Ndipo ikaja habari ya kazi katika nchi ya mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nesi akaenda. Chiriku alikuwa bado anabebwa mgongoni. Siku ile ya kuagana mama mtu hakulia, alikuwa na sketi za watu za kumalizia, na mshono hauoni vizuri mbele ya machozi. Kinyozi ndiye aliyelia, kisha akasingizia nywele zimemwingia jichoni. Jioni yake akasema neno ambalo mtaa bado unalirudia. Alisema dunia imegeuka kweli: wazee wa watu wanatunzwa na watoto wetu, na wazee wetu wanatunzwa na simu.

Simu hiyo ilikuwa inalia kila Jumapili asubuhi. Mama Marinda anaiegemeza kwenye pasi iliyopoa, Chiriku anajibana pembeni, na Nesi anatokea kwenye kioo. Wanaongea mambo ya kawaida kabisa. Huko ni baridi, hapa ni joto. Mzee fulani wa huko amekataa kula, hapa Chiriku amekataa kuoga. Na mwisho wa mazungumzo, kabla simu haijakatwa, mama lazima aulize utakuja lini, na Nesi lazima ajibu, mwakani, Mama. Neno hilo halikuwa uongo. Mkataba wa kwanza ulipoisha alipewa wa pili, na masharti yake yalikuwa makali kuliko ya kwanza: akiondoka kabla haujaisha, mlango unafungwa nyuma yake na hakuna kurudi tena. Kwa hiyo ikawa mwakani, na ukija mwaka, mwakani inasogea mbele kama kivuli cha mtu anayetembea jua likiwa mgongoni.

Chiriku akafika darasa la tatu. Akawa anamjua mama yake kwa uso na sauti, ila hajui ananukiaje. Siku moja aliuliza swali hilo hilo. Bibi akamwambia ananukia sabuni ya kipande na kitambaa kipya. Chiriku akainusa meza ya kukatia.

Sasa, macho.

Yalianza polepole kama yanavyoanza mambo mengi ya utu uzima. Mama Marinda alidhani kioo cha taa kimeshika moshi, akakiosha. Akadhani miwani imechafuka, akaisugua kwa pindo la aproni hadi ikakwaruzika. Mchana wa jua kali aliona kila kitu kinametameta kama kimepakwa mafuta. Kutunga uzi kwenye sindano kukawa vita. Kwanza alimpa Chiriku amtungie, na Chiriku akirudi kutoka shuleni humkuta bibi amekaa kitako anamngoja. Halafu akaanza kumpa Kinyozi, ambaye hutunga huku analalamika kuwa yeye kazi yake ni kupunguza nyuzi za vichwani mwa watu, si kuongeza.

Kilichomfichua hasa ni rangi. Buluu iliyoiva na nyeusi zikawa kwake kitu kimoja. Sare za shule ile ni buluu. Mzazi mmoja akarudisha sketi: marinda safi, kiuno safi, upindo wa mikunjo mitatu kama kawaida, na uzi mweusi toka juu hadi chini. Mzazi hakugomba. Alisema tu kwa sauti ya chini kwamba labda fundi alikuwa amechoka. Hilo likamuuma Mama Marinda kuliko tusi. Akafumua sketi yote akaishona upya, na alipoimaliza, Kinyozi akaichukua, akaitazama, akamrudishia bila utani wowote. Uzi ulikuwa mweusi tena.

Kinyozi ndiye aliyempeleka hospitali, wodi ya macho. Daktari wa macho, mwanamke kijana mwenye mikono ya baridi, akammulika, akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wa kulia ameshakomaa. Mama Marinda akasema yeye amezaa mtoto mmoja tu, huyu mwingine kaletwa na nani? Daktari akacheka, akamweleza kwamba ni upasuaji mdogo, anapigwa ganzi, kesho yake anarudi nyumbani.

Hakuutaka. Alikuwa amewahi kumjua mtu aliyechelewa kutibiwa, akapasuliwa, akabaki gizani. Daktari alimweleza kwamba yule pengine alikuwa na ugonjwa mwingine, na kwamba wengi huona. Akaitikia, ndiyo mwanangu, nimeelewa. Njiani akamwambia Kinyozi alichokuwa anakificha. Alisema macho haya, hata kama ni ukungu, bado yanamwona mwanangu kila Jumapili. Nikiyapeleka kwa kisu yakaharibika, nitakuwa nimeupoteza hata huo ukungu. Nitayatibu akija. Nikishamwona kwa karibu, hata yakifa yatakufa yameshiba.

Kinyozi akamwambia basi mwite aje.

"Nikimwambia atakuja," alisema Mama Marinda. "Ninamjua niliyemzaa. Atatupa kazi, atapanda ndege, atakuja kukaa kwenye benchi lile lile la wasio na ajira alilotoka. Na nitakuwa mimi ndiye niliyemwita."

Ndipo Kinyozi alipotambua kwamba jirani yake anatamani kitu kimoja duniani, na kitu hicho hicho ndicho anachokiogopa. Alinyamaza kuanzia hapo hadi nyumbani, na kwa Kinyozi hiyo ni safari ndefu.

Msidhani hakujaribiwa. Chiriku alikuwa amemfundisha kutuma ujumbe wa sauti: unabonyeza, unasema, unaachia, unakwenda. Na ukighairi, unasukuma kidole pembeni, unafutika. Kuna mchana mtoto yuko shuleni, kibaraza kimetulia, alikuwa anabonyeza na kusema, "Mwanangu, macho yangu," kisha anasukuma kidole pembeni. Kinyozi, upande wa pili wa ukuta, alilisikia neno hilo mara nyingi, siku tofauti, na halikuwahi kwenda popote.

Basi ikatokea kwamba msichana mmoja anayefanya kazi nyumba moja na Nesi alikuja likizo kwao, mtaa wa pili. Akapita kusalimia, akasema akirudi anaweza kubeba kifurushi kidogo. Akaondoka. Mama Marinda akakaa na furaha ambayo mikono yake ilikuwa haijaionja siku nyingi. Atamshonea gauni.

Alikwenda mwenyewe kuchagua kitambaa, pamba laini ya buluu, akamuuliza muuzaji mara mbili kama kweli ni buluu hadi muuzaji akadhani anadharauliwa. Hakuhitaji kumpima mtu. Alikuwa na mwili wa binti yake mikononi: urefu toka mtulinga hadi kiunoni, upana wa mgongo, na lile bega la kushoto linaloinama kidogo kwa sababu ya kubeba mkoba wa shule upande mmoja. Alishona mchana, jua likiwa utosini, meza ameivuta hadi ukingo wa kibaraza. Hakumwomba Kinyozi amtungie uzi. Chiriku akirudi, kazi inafunikwa. Hakutaka mtu atie mkono, wala hakutaka mtu amwambie chochote. Alishona kwa vidole, kama mtu anavyotafuta kitu mfukoni, na alipofika chini mikono ikafanya ilichozoea. Akalipiga pasi, akalikunja, akalifunga kwa kipande cha kitambaa hicho hicho. Gauni likaenda.

Jumapili zikapita, Nesi akasema halijafika. Halafu Jumapili moja simu ikalia mapema kuliko kawaida. Mama Marinda akaiegemeza kwenye pasi. Kwenye kioo akaona umbo, na umbo limevaa kitu cha rangi iliyoiva. Moyo wake ukajaa. Nesi akasalimia, akauliza habari za shule, za joto, za Kinyozi. Sauti yake ilikuwa na utulivu wa muuguzi anayekaribia kitanda.

"Mama," akasema, "nimevaa nini?"

"Si gauni langu hilo? Simama nilione. Limekukaa vizuri, mama, hasa mabegani."

Hakusimama. Chiriku, ambaye hajawahi kunyamaza, alinyamaza.

"Hili ni sweta la kazini, Mama. Jeusi. Gauni lako liko hapa mapajani."

Nesi ni mtoto wa fundi. Nguo yoyote akipewa, kabla hajaijaribu, huigeuza ndani nje aione mishono, kama mtu anavyomtazama mgeni viatu. Alikuwa amelifungua gauni chumbani kwake kwa furaha, akaligeuza, akakaa kitandani. Uzi wa buluu ulikwenda hadi kiunoni, kutoka hapo ukawa mweusi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonwa kwenye bega la kulia. Mshono wa upindo ulitangatanga kama nyayo za kuku kwenye matope. Mkono ulioshona nguo zake zote tangu alipozaliwa haukuwahi kutangatanga. Akawa ameshajua kilichotokea, ila muuguzi hasemi kabla hajahakikisha, ndipo akavaa sweta.

Akauliza ni tangu lini. Ni muda sasa. Akauliza kama ameonana na daktari, na daktari kasema nini. Mama akamwambia yote, hata lile la kuogopa kisu, kwa sababu sasa hapakuwa na kitu cha kusitiri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja."

"Nakuja."

Jamani, mtu anaweza kulingoja neno moja miaka, akajiona anavyolipokea, atakavyosimama, atakachojibu. Na siku likija, linamkuta amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja juu ya kanyagio la cherehani, hana la kufanya ila kulitazama. Mama Marinda alilitazama. Angesema neno moja tu, njoo, na kabla ya mwezi kuandama angekuwa ameushika ule mtulinga kwa vidole vyake. Mguu wake ukakanyaga bila yeye kujua, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka juu ya hewa tupu.

"Usije," akasema.

"Mama."

"Ukija leo utakuja kwa ajili ya macho. Macho yanatibiwa hapa hapa, kwa daktari wa hapa. Maliza kazi yako, halafu uje kwa ajili yangu. Nitapasuliwa."

"Na woga wako?"

"Sijasikia wodi inayokagua woga mlangoni. Nitaingia nao."

Nesi alilia basi, kilio cha mtu aliyekatazwa kufanya analolitaka na anajua kuwa amekatazwa kwa haki. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha Nesi akapenga kamasi, akalinyanyua gauni mbele ya kioo ingawa alijua halionekani, akauliza na huu upindo je? Mikunjo mitatu! Mimi mwanamke wa zaidi ya miaka thelathini, mama wa mtoto, unataka nirefuke mpaka wapi?

Mama Marinda akashika mdomo. Hakuwa amekumbuka kabisa. Akacheka, na Chiriku akacheka kwa sababu bibi amecheka, na Kinyozi upande wa pili akauliza kupitia ukutani ni nini, asiachwe nyuma.

"Mkono umejisahau," alisema. "Ulidhani wewe bado unasoma."

Aliyempasua ni yule yule daktari wa mikono ya baridi. Lilianza jicho la kulia. Nesi alikuwa amempigia mwenzake waliyesoma naye, aliyebahatika kuajiriwa wodi hiyo, na mwenzake huyo alimshika Mama Marinda mkono muda wote huku akimhadithia habari za chuo, mambo mengine binti hakuwahi kumwambia mama yake. Yeye alikuwa anasikia vyuma vinagongana taratibu kwenye sinia, anawaza, kama ni giza, basi Jumapili iliyopita ndiyo ya mwisho, na sikumtazama vya kutosha.

Asubuhi yake bandeji ikatolewa. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Kinyozi, aliyekuja kumchukua, amevaa shati lake la harusini. Mama Marinda alimtazama muda mrefu, akamwambia, kumbe umezeeka hivi? Kinyozi akasema macho hayo yarudishwe, yana kasoro.

Nyumbani Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Bibi akaona vitu viwili kwa mara moja. Kwanza, uso ule ni uso wa Nesi alipokuwa na umri huo, paji lile lile, na lau kovu dogo la kukuna tetekuwanga lingekuwepo, ungesema ni yeye. Pili, sketi ya mtoto, sasa wa darasa la nne, imepanda juu ya magoti. Mkunjo wa mwisho ulipaswa kufumuliwa mwanzo wa mwaka, na yeye, mshona miaka wa mtaa mzima, alikuwa hajauona mwaka ukipita ndani ya nyumba yake. Alikaa pale pale kizingitini, akaomba wembe, akaufumua mtoto akiwa amesimama. Mstari wa buluu iliyoiva ukajitokeza. Aliupitisha kidole. Buluu, akasema. Hii ni buluu.

Ikafika Jumapili. Akaiegemeza simu kwenye pasi, akakaa sawa, akafuta miwani ambayo haihitaji tena kufutwa. Na Nesi akatokea.

Hakuna aliyemtayarisha kwa hilo. Ndani ya ukungu wa miaka ile alikuwa anamwona msichana aliyemsindikiza na begi. Ukungu ulikuwa umemtunzia. Sasa aliyekuwa kwenye kioo alikuwa mwanamke mwenye mistari miwili kando ya mdomo na nywele nyeupe chache juu ya sikio, mwanamke aliyekesha kwa wagonjwa wengi. Alikuwa mzuri. Alikuwa amepita njia ndefu na mama yake hakuwepo hata hatua moja. Mama Marinda akaona hiyo ndiyo gharama ya lile neno usije, na la mwakani, na yote mengine, na kwamba macho yamerudi kumwonyesha hasa kile alichokikosa.

"Umekonda," akasema.

"Ni hii kamera, Mama."

"Kamera ni hiyo hiyo ya mwaka jana."

Nesi akacheka, akarudi nyuma hatua chache, akasimama. Alikuwa amelivaa gauni. Mama akaliona sasa kwa mara ya kwanza, gauni alilolishona mwenyewe: bega moja limepanda, mkono umejipinda, kiuno kimehama kimekwenda kukaa kwa jirani. Akaona aibu ya fundi, akamwambia alivue mara moja. Nesi akakataa. Alisema huwa analivaa siku zake za mapumziko, na bibi mmoja wa pale kazini, ambaye hamtambui hata mwanawe, humshika upindo kila anapopita, anaupapasa, anauliza kwa nini ni mzito.

"Unamjibu nini?" akauliza Chiriku.

Akasema humjibu kuwa kwao nguo huachiwa nafasi.

Mama Marinda akamtazama hadi kioo kikataka kuzima chenyewe. Kisha akamwagiza asimpe fundi wa huko aliguse, hata kidogo. Litafumuliwa hapa, kwenye meza hii. Akauliza kama anavyouliza kila mara, utalileta lini? Akajiandaa kulipokea lile neno lao la siku zote.

"Mwezi wa nane," alisema Nesi. "Mkataba unaisha wa saba."

Tangu siku hiyo hajasema mwakani tena.

Mwezi wa nane haujafika ninapowasimulia. Jicho la pili nalo limepasuliwa. Sare za shule ni buluu kwa buluu, wala hakuna mzazi anayezungumza naye kwa sauti ya chini. Lakini mkipita pale kibarazani tazameni ukutani, msumari wa mwisho upande wa Kinyozi. Upo uzi wa buluu, kigurudumu kizima, kilichoangikwa kesho yake baada ya Jumapili ile, hakijaguswa. Hauchanganywi na nyuzi nyingine. Juzi uzi wa buluu ulimwishia sketi ikiwa katikati, mteja amesimama anasubiri, na Chiriku akanyoosha mkono kwenye ule msumari, akasema, Bibi, si huu hapa?

Bibi akamwambia auache. Akavaa viatu, akaenda dukani kununua mwingine, na mteja akangoja.